Mawe Kwenye Begi la Godfrey

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Kesho tunaondoka! Kikundi chetu cha usharika, Miguu Mizuri, kinateremka bonde la Ndurumo kwa miguu, kutoka hapa Iguguno hadi kanisa dogo la mtaa wa mwisho kule chini, ng'ambo ya mto, ambako tutasali Pasaka. Jina la kikundi Mchungaji Filipo alilitoa kwenye Biblia. Miguu yenyewe hakuiangalia.

Jambo kubwa si Pasaka. (Mungu anisamehe, lakini hapa naandika ukweli.) Jambo kubwa ni Jumatatu. Tukirudi tunachagua kiongozi mpya, maana Mzee Abraham nyonga imemgomea na sasa safari yake ndefu ni ya kwenda shambani. Kiongozi ndiye anayetangulia. Kiongozi ndiye anayeamua tupumzike wapi. Kiongozi ndiye anayevaa filimbi! Mimi nimekuwa msaidizi wake tangu kikundi kianze. Kazi ya msaidizi ni kutembea nyuma kabisa, pamoja na wanaochechemea, huku akila vumbi la waliotangulia.

Kizuizi ni kimoja. Godfrey. Tabibu wa zahanati. Ana viatu vya kupandia milima, vile vya kufunga kamba hadi juu ya kifundo. Ana kofia yenye uzi wa kidevuni. Anajua majina ya ndege. Halafu akikuuliza mgongo unaendeleaje, anasubiri umjibu! Mtu wa namna hiyo hafai kupewa filimbi. Atakuwa hashikiki.

Mimi nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu. Viatu vyangu ni vya kawaida. Lakini kichwa ninacho.

Mpango: muujiza. Nimempelekea jirani yetu Amne majogoo watatu. Mumewe kachinja, yeye atapika kesho asubuhi, kuku wa mchuzi na wali. Petro wa bodaboda atazibeba sufuria hadi kwenye kona kubwa ya mto, penye mikuyu, ambapo huwa tunapumzika mchana. Akifika atawaambia watakaokuwepo, "Chakula hiki kimetoka kwa Mungu," kisha aondoke bila kunitaja. Malipo yake ni mapaja mawili. Mimi njiani nitakuwa nimeshatabiri. Nani atamchagua mjuzi wa ndege mbele ya nabii?

Jioni nilipita kwa Mama Klara kumshauri abaki nyumbani. Nikamwamkia vizuri, nikamsikitikia goti lake, nikamweleza habari za miiba. Ukweli ni kwamba akija, msaidizi ndiye atakayetembea naye. Akanijibu kwamba marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa lile kanisa la chini. Matofali yake aliyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, na yeye hajaliona tangu wamzike. Akasema atakwenda hata kwa kujiburuza kwa makalio.

Mke wangu, Witness, akaniuliza kwa nini natabasamu wakati nafua soksi. Nikamwambia natafakari mateso ya Bwana. Akanitazama kwa muda. Tumeishi pamoja miaka mingi mno, hapo ndipo shida ilipo.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Siku mbaya. Naandika nimekaa kwenye dawati la darasa la tatu, shule ya msingi ya huku bondeni, ambako tumepewa madarasa ya kulala. Magoti yangu yamefika masikioni.

Asubuhi tuliondoka vizuri. Mashamba ya alizeti yamekauka vichwa, yamesimama yameinama kama watu wanaosikiliza mahubiri marefu. Godfrey mbele, viatu vyake vinalia kwa furaha. Mimi nyuma na Mama Klara. Mama Klara anatembea taratibu lakini mdomo wake unakimbia. Ana habari za kila mti. Hapa mumewe alianguka na baiskeli. Pale mumewe alimkimbia nyati, ingawa baadaye ilijulikana ni ng'ombe.

Jua lilipokuwa kali na watu wameanza kunyamaza kwa njaa, nikaona wakati umefika. Nikasimama. Nikashika kifua. Nikasema kwa sauti nzito kwamba moyoni nimeoneshwa jambo: mbele yetu, chini ya mikuyu, kuna chakula, na chakula hicho kina mchuzi.

Watu wote wakageuka! Hata Godfrey. Mchungaji Filipo akauliza mchuzi wa nini. Nikafumba macho kidogo, nikasema naona manyoya. Mchungaji akasema kwa upole kwamba leo ni Ijumaa Kuu, na wengi wetu hatuli nyama leo.

Nilikuwa nimesahau. Kwa kweli nilikuwa nimesahau kabisa. Nikasema maono hayakunipa maelezo zaidi.

Ila hatua zao zilibadilika. Waliokuwa wakichechemea wakaacha kuchechemea. Nikamuona hata Mchungaji akikaza mwendo, kwa mtu asiyekula nyama leo.

Tukafika kwenye mikuyu. Kulikuwa na ng'ombe wengi wamelala kivulini, na wachungaji wao wamekaa kwa kuzunguka sufuria. Sufuria za Amne! Ndani yake mifupa. Mifupa mitupu, safi, imenyonywa na watu wanaojua kazi.

Mkubwa wao, jina lake Idrissa, akasimama kutupokea kwa heshima zote. Akatueleza kwamba wako safarini kwenda mnadani, tangu jana hawajala cha maana, mara kaja mtu na pikipiki akauliza, "Nyie ndio watu wa safari?" Wakasema ndiyo, ndio sisi. Akawapa chakula. Idrissa alikuwa mwangalifu, akauliza kwanza kuku wamechinjwa na nani, akajibiwa ni mume wa Amne wa Iguguno, na mume wa Amne anamfahamu, wanasali wote.

"Nikamuuliza, sasa katupa nani?" akasema Idrissa, huku akijifuta mdomo. "Akaniambia chakula hiki kimetoka kwa Mungu. Basi akawasha pikipiki, akaenda. Mchungaji, mimi mtu mzima, nilitokwa na machozi."

Mchungaji Filipo naye akalengwa na machozi. Akageuka, akasema, "Ndugu Zefania, kumbe uliona kweli! Mungu amewalisha hawa ndugu zetu." Watu wakasema amina. Wakaniangalia kama watu wanaomwangalia mganga aliyempa dawa jirani yao.

Maono yangu yametimia kila neno. Njaa iko palepale.

Ndipo Godfrey akafungua kamfuko kake akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, akamgawia kila mtu. Idrissa kwa shukrani akamkabidhi kibuyu cha maziwa. Kamkabidhi nani? Godfrey! Kwa kuwa alikuwa amesimama mbele. Watu wakala viazi kwa maziwa na kusema Godfrey huwaza wenzake. Mimi nilipewa kiazi chenye mzizi.


Jumamosi, 19 Aprili

Nimegundua kosa la jana. Nilijaribu kupanda juu. Ilitakiwa nimshushe yeye.

Godfrey anapendwa kwa sababu hachoki. Mtu asiyechoka ni rahisi kutabasamu, ni rahisi kugawa viazi. Mchoshe, uone kama atakumbuka jina la ndege.

Ana mabegi mawili: kamfuko ka nguo na dawa, na begi kubwa la mgongoni lenye turubai na kamba, vifaa vya dharura vya kikundi. Lile kubwa halifunguliwi kama hakuna dharura. Asubuhi, kabla ya kuondoka, Mchungaji alituita uwanjani kwa maombi. Wote wakafumba macho. Mimi nilifumba moja. Mchungaji akiomba huwa hana haraka, anaanza na uumbaji. Alipofika kwa Nuhu nilikuwa nimeshafika kwenye baraza la madarasa, tulikoacha mabegi. Kando ya njia ya kuelekea kwa mwalimu mkuu wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa. Nikachukua manono. Nikayalaza chini kabisa ya turubai. Nikarudi kwenye mstari kabla ya amina, jasho likinitoka. Dada aliyekuwa karibu akasema nimeguswa na maombi.

Halafu Mchungaji Filipo akafanya jambo ambalo mtu wa Mungu hatakiwi kufanya bila kutoa taarifa. Akasema leo tunajifunza kuchukuliana mizigo. Kwa vitendo! Kila mtu ampe mwenzake begi lake, na alibebe hadi tutakaporudi Iguguno. Begi la mwenzako usilifungue, usiulize lina nini, libebe tu kwa upendo. Akaanza kupanga watu wawili wawili.

"Zefania," akasema, "wewe na Godfrey."

Nikasema mimi ningependa kumbebea Mama Klara. Mama Klara akasema yeye ana kikapu, na kikapu amekibeba Witness, tena tangu jana. Nikasema basi nina bega. Godfrey akaniuliza bega lina nini, tangu lini, linauma nikiinua mkono au nikishusha. Akasubiri jibu. Wote wakasubiri. Nikasema limepona.

Nilipoliinua lile begi nilitoa sauti ambayo sijawahi kuitoa. Witness akageuka.

Sitaki kuandika mengi kuhusu mwendo wa leo. Godfrey alilitundika begi langu kwenye bega moja (lina taulo na maandazi) akaenda anapiga mluzi. Mimi nyayo zangu zilikuwa zinaacha mashimo. Kuyatoa mawe haikuwezekana, maana Mama Klara hakuniacha hata hatua moja. Aliona ninavyohema akasema maskini, kumbe Zefania naye anaumia moyo kwa ajili ya Bwana. Nikikaa chini ananisubiri. Nikienda kujisaidia ananishikia begi, yaani anakaa juu yake.

Mchana tuliuvuka mto. Maji yalikuwa ya kifundoni tu, mchanga mweupe, samaki wadogo. Kwa mbali, upande wa milimani, mawingu yalikuwa meusi kama sufuria. Godfrey akayaangalia sana. Mimi nilikuwa naangalia kucha zangu.

Jioni tukafika kanisani. Mama Klara hakuingia kwanza. Alizunguka nyumba yote, mkono wake ukipita ukutani kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Pembeni ya dirisha kuna tofali limevimba, limekaa vibaya. Akacheka peke yake. Akaniambia hilo mumewe alilifyatua siku waliyogombana, akalijenga hivyo hivyo ili aikumbuke.

Nikasimama naye. Hata mawe niliyasahau kidogo.

Kidogo tu.


Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Tuko tena kwenye yale madarasa, salama, wote. Niseme hilo kwanza.

Ibada ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Watu wa huku bondeni wanaimba bila kinanda na bila aibu. Mama Klara walimkalisha mbele, wazee wakaja mmoja mmoja kumsalimia, na aliposimama kusema neno hakusema, alilia tu, na kanisa zima likamsubiri. Wametulisha ugali na kuku wa Pasaka. Nilikula kwa hasira ya Ijumaa.

Baada ya chakula tukashuka mtoni turudi. Mto haukuwa ule wa jana! Mvua ya milimani ilikuwa imeshuka. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yanakwenda na matawi. Godfrey akachoma fimbo ukingoni, akasema tukae, tuangalie maji yanapungua au yanaongezeka. Mchungaji akakubali. Watu wakakaa. Walimtii papo hapo, bila swali! Kana kwamba filimbi alishaivaa.

Nikaona kura zangu zinakwenda na maji.

Nikasema kwa sauti kwamba mimi nimekulia mabondeni, maji haya nayajua, yanatisha kwa rangi tu. (Nimekulia Manyoni mjini, karibu na reli.) Witness akasema, "Zefania, kaa chini." Aliposema hivyo mbele za watu, kukaa kukawa hakuwezekani tena. Nikakunja suruali. Nikaingia na begi mgongoni.

Maji yalifika magotini. Halafu mapajani. Ajabu ni kwamba nilisimama imara. Wala sikuyumba. Nikaanza kufikiri labda kweli nimekulia mabondeni. Nikageuka niwapungie mkono.

Mama Klara alikuwa nyuma yangu. Majini. Kanga ameikunja, fimbo mkononi, ananifuata.

Nilimpigia kelele arudi. Akasema, "Nenda tu, mwanangu, niko na wewe." Ndipo fimbo ikazama, goti likamgeuka, na maji yakambeba.

Sikufanya ushujaa wowote. Nataka kuandika kwamba nilimrukia, lakini sikuruka. Alikuja mwenyewe na maji, akanigonga ubavuni, akashika mikanda ya begi kwa mikono yote miwili, na mimi nikamshika kwapani. Maji yalitusukuma kwa nguvu zote. Matawi yalinipiga shingoni. Lakini miguu yangu haikung'oka. Lile begi lilinikandamiza kwenye mchanga kama nguzo ya simu. Mbele nisingeweza kwenda, nyuma nisingeweza kurudi. Nilisimama tu. Mama Klara ni mwepesi sana, sikujua. Nilikuwa nauhisi moyo wake. Alikuwa anaongea Kinyiramba, nadhani na mumewe, na mimi nilikuwa naomba kwa maneno niliyojifunza kwenye shule ya Jumapili, maana mengine hayakuja.

Kamba ya dharura ilikuwa ndani ya begi. Begi lilikuwa mgongoni kwangu. Basi Godfrey akawaita akina mama wafunge kanga na vitenge, moja kwa nyingine, akajifunga kiunoni, wanaume wakashikana mikono hadi ukingoni, akaja. Hakunifokea. Alisema, "Usimwachie. Vizuri. Hivyo hivyo." Wakatuvuta kama gunia.

Mama Klara alitapika maji, akakaa, akatafuta kilemba chake, akaniuliza mimi kama nimeumia. Mimi! Witness alikuja akanikumbatia kwa nguvu, kisha akanipiga kofi la mgongoni, kisha akanikumbatia tena.

Na hapo, nikiri, watu walikuwa wameanza. Mmoja akasema mliona alivyosimama? Mwingine akasema kama mti, kama mkuyu! Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

Mama Klara akasema anasikia baridi. Godfrey akafungua begi atoe turubai amfunike.

Mawe yakatoka. Moja. Jingine. Yakabingirika mchangani, meupe, yameoshwa na mto, yanameremeta.

Mchungaji Filipo akapiga magoti. Akaokota moja akalishika kwa mikono miwili. "Mawe meupe," akasema taratibu. "Godfrey. Uliyaweka wewe?"

Godfrey akasema hapana, hajui yametoka wapi. Alisema kwa uso ule wake, usiojua uongo. Mchungaji akatikisa kichwa, akatuambia tumtazame vizuri mtu huyu, hataki sifa hata moja. Alijua mto utajaa. Alijua kuna mwenzetu atakayeingia bila kufikiri. Akamwandalia uzito wa kumshikilia, kimyakimya, na sasa anakana.

Watu wakamzunguka Godfrey. Godfrey akasema tena si yeye. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumpenda.

Nikafungua mdomo. Mawe ni yangu! Niliyachagua mwenyewe, manono! Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Halafu nikasikia swali litakalofuata: Ndugu Zefania, uliyaweka ya nini?

Nikafunga mdomo, na nikaufunga vilevile maji yalipopungua tukavuka. Sijawahi kumeza kitu kikubwa kama kile.


Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Tumerudi. Tumechagua.

Mzee Abraham alitusubiri kwenye ukumbi wa usharika, filimbi iko mezani juu ya kitambaa. Mchungaji akasema tupige kura kwa kunyoosha mikono, wazi, kama ndugu. Nikaona kuna dosari. Kura iwe ya siri! Nikanyoosha mkono nitoe hoja ya utaratibu, wakati uleule ambao Mchungaji alikuwa amesema, "Wanaomtaka Godfrey?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mchungaji akasema tazameni unyenyekevu, hata mpinzani wake amempigia.

Wanaomtaka Zefania: mkono mmoja. Wa Mama Klara. Ameunyoosha juu kabisa, anautikisa, utadhani anasimamisha basi. Alisema yeye mawe hakuyashika, alimshika Zefania. Watu wakacheka kwa upendo. Mimi nilitazama chini.

Witness alimpigia Godfrey. Nilimuona.

Nyumbani nikamuuliza. Alikuwa anatoa matope kwenye viatu vyangu kwa kisu. Hakuinua uso.

"Yale mawe ni ya shuleni," akasema. "Ya kando ya njia ya mwalimu mkuu. Jana tuliporudi nimeona mapengo. Na suruali yako ya Jumamosi ina chokaa mifuko yote miwili."

Nikasema chokaa ni jambo la kawaida kwenye maeneo ya shule.

"Mawe sijali," akasema. "Yamemsaidia yule mama, Mungu ana njia zake. Lakini aliingia majini kwa sababu uliingia wewe. Alikuamini. Unaelewa, Zefania? Hakumfuata mtu mwingine. Alikufuata wewe. Mimi usiku nitaliona lile goti likigeuka. Wewe utaona nini?"

Maneno yake yaliniingia. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Nikajiona mle majini, nikauhisi tena ule wepesi wa Mama Klara mikononi. Ni kweli kabisa. Mama Klara ananiamini. Angenifuata popote.

Maana yake msingi wa kampeni ijayo upo.


Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Juzi Godfrey alikuja na dawa ya kuchua mabega. Amevaa filimbi, lakini ameificha ndani ya shati ili nisijisikie vibaya. Hilo ndilo linaloudhi kuliko kuiacha nje.

Akanieleza kwamba safari ijayo ni ya kwenda Ulemo, siku ya Pentekoste. Amewaza jambo la Mama Klara na goti lake akaona tupate punda wa kubeba mizigo ya wazee. Anataka jukumu hilo nilisimamie mimi, kwa sababu ananiamini. Akaniuliza bega linaendeleaje. Akasubiri.

Nikamwambia nitafurahi sana kumtumikia.

Punda nimeshampata. Ni mkubwa, wa kijivu, wa mzee Simeoni anayechota maji. Kwa mizigo hana mfano. Simeoni alinionya jambo moja: anauma watu asiowazoea, hasa wanaokwenda mbele yake. Nikamuuliza kama ana uhakika kabisa. Akanionesha mkono wake.

Na nani katika kikundi chetu anatembea mbele? Nani?

Sikulala kwa furaha. Mpango ni rahisi, hauna kuku, hauna mto. Kuanzia leo hadi Pentekoste ninakwenda kwa Simeoni kila asubuhi na mashudu ya alizeti, punda anizoee mimi peke yangu. Siku ya safari nitamkabidhi kwa kiongozi, kwa heshima, mbele ya watu wote. Kisha narudi nyuma taratibu kwenye nafasi yangu ya msaidizi.

Leo asubuhi nimeanza. Nilimsalimia kwa sauti ya upole. Nikampa mashudu. Akala yote, akaniramba kiganja. Nikageuka nimpe mgongo, ili ajifunze kunifuata.

Naandika nimelala kifudifudi. Witness anachemsha maji ya chumvi na hataki kuongea na mimi. Suruali haitashoneka.

Lakini meno yake ni mazuri sana yule punda. Yote yapo!